Ni nani aliyeiangusha nyumba ya dada?

WAHENGA walisema kwamba kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Aliye mbali huona mti umetanda, naye aliyeketi shinani anachomwa na jua. Methali hii hunijia kila ninaposikia watu wa ukoo wetu wakimtaja dada yangu mkubwa na nyumba aliyoipoteza huko Marekani mwaka 2009.

Wengi wao wamekwisha kata shauri. Kwao kisa ni kifupi: alikwenda ng'ambo, akaona nyumba za watu, akatamani makubwa kuliko kimo chake, benki ikamnyang'anya. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mjomba wetu mmoja hulisema jambo hili hata mbele ya watoto ili, kama anavyodai, wapate funzo. Nami nikisema kwamba kisa hicho kina kurasa zaidi, huambiwa kuwa ninamtetea kwa sababu tulinyonya ziwa moja.

Basi leo, mpenzi msomaji, naomba nizifungue kurasa hizo. Mimi ni mwalimu wa somo la biashara katika shule moja ya upili hapa Nairobi. Kwa miaka kadhaa nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu jinsi soko la nyumba la Marekani lilivyopaa na jinsi lilivyoanguka. Nilitaka kujua kama ni haki mwanamke mmoja, aliyekuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwa zamu mbili kila siku, abebeshwe peke yake lawama ya jambo lililotikisa ulimwengu mzima.

Dada alihamia Marekani mwaka 1998. Alikaa Marietta, mji ulio karibu na Atlanta katika jimbo la Georgia, mahali ambapo Wakenya si wachache. Aliajiriwa katika makao ya wazee. Alikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana, na kwa miaka saba alilipa kodi ya nyumba bila ya kuchelewa hata mwezi mmoja. Pesa zilizobaki alizituma nyumbani. Karo yangu ya chuo ilitoka kwake.

Mwaka 2005 alipigiwa simu na wakala wa mikopo ya nyumba. Zingatia hapo, msomaji. Si dada aliyemtafuta wakala, bali ni wakala aliyemtafuta dada. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakala alimwambia kwamba kodi anayolipa ni pesa za kumwaga jangwani, na kwamba anaweza kumiliki nyumba ya vyumba vitatu ya dola 168,000. Malipo ya kwanza? Hayakuhitajika. Hati za mshahara? Si lazima, taja tu kipato chako. Baadaye sana dada aligundua kwamba katika fomu ile kipato chake kilikuwa kimeandikwa kikubwa kuliko alichokitaja.

Riba ilikuwa asilimia 7 kwa miaka miwili ya mwanzo. Kwa hesabu hiyo alitakiwa kulipa takriban dola 1,120 kwa mwezi, kiasi alichokimudu. Baada ya miaka miwili riba ingefuata soko kwa muda wa miaka 28 iliyosalia. Alipouliza itakuwaje ikipanda, wakala alicheka. Alimwambia kwamba kufikia wakati huo nyumba itakuwa imepanda bei, naye ataweza kuchukua mkopo mpya ulio nafuu na kuufuta ule wa zamani.

Ahadi yote hiyo ilisimama kwa mguu mmoja tu: ni sharti bei ya nyumba ipande. Isipopanda, kila kitu kinaanguka.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi yeyote wa biashara angeuliza ni hili: Je, ni benki gani yenye akili timamu inayomkopesha mtu dola 168,000 bila ya kutaka kuona hati ya mshahara wake? Hapa Kenya tunajua jinsi karani wa mikopo anavyokuzungusha. Atataka hati za miezi kadhaa, atataka wadhamini, atataka barua ya mwajiri. Huko Marekani, miaka ile, watu walikopeshwa kwa neno la mdomo. Mikopo hiyo hata ilikuwa na jina la utani: mikopo ya waongo.

Ili kulijibu swali hilo, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 bei za hisa za kampuni za kompyuta na intaneti zilianza kuporomoka huko Marekani. Mwaka uliofuata yakatokea mashambulizi ya Septemba 11. Kwa kuogopa kwamba uchumi utazirai, Benki Kuu ya nchi hiyo, iliyoongozwa na Bw Alan Greenspan, ilipunguza riba yake kutoka asilimia 6.5 mwishoni mwa mwaka 2000 hadi asilimia 1 mnamo Juni 2003. Ikaiacha hapo kwa mwaka mzima. Wakati uo huo, pesa nyingi kutoka Uchina na nchi zinazouza mafuta zilikuwa zikimiminika Marekani kutafuta mahali pa kulala salama.

Pesa zikiwa nyingi na riba ikiwa ndogo, watu hukopa. Waliokopa walinunua nyumba. Wanunuzi walipokuwa wengi, bei zilipanda. Bei zilipopanda, waliokuwa na nyumba walijiona matajiri, wakakopa zaidi kwa kuziweka rehani nyumba zile zile. Nao waliokuwa bado wapangaji waliogopa kuachwa nyuma, wakakimbilia kununua kabla bei haijawapita. Kila mtu alikuwa akimsukuma mwenzake kupanda ngazi. Wanasiasa nao walishangilia. Serikali ya Bill Clinton na ile ya George W. Bush iliyoifuata zote zilijivunia kuongezeka kwa wenye nyumba, na kwa hakika waliongezeka: kutoka asilimia 64 hivi ya familia mwaka 1994 hadi asilimia 69 mwaka 2004.

Hata hivyo riba ndogo peke yake haitoshi kueleza ule mkopo wa dada. Kuna jambo jingine, na ili nilifafanue naomba tuingie katika duka la mtaani.

Mwenye duka wa mtaa wenu ana daftari la madeni. Anajua ni nani wa kukopeshwa unga na sukari na ni nani wa kuambiwa arudi na pesa mkononi. Anachunguza kwa sababu usipolipa, hasara ni yake. Sasa tuseme anatokea tajiri anayeyanunua madaftari ya madeni. Mwenye duka anakopesha watu leo, kesho anamuuzia tajiri daftari na kutia faida mfukoni. Je, ataendelea kuchunguza tabia za wateja? La hasha! Atamkopesha yeyote apitaye, kwa sababu kadiri daftari linavyokuwa nene ndivyo anavyolipwa zaidi. Hasara ikija, itakuwa ya mwenye kulinunua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakala aliyempigia dada simu alilipwa ada yake siku ile ile mkopo ulipotiwa sahihi. Kampuni iliyotoa pesa iliuuza mkopo huo kwa benki kubwa za New York baada ya muda mfupi. Benki hizo zilikusanya maelfu ya mikopo ya namna hiyo, zikaifunga pamoja na kuuza vipande vyake kwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima na benki za Ulaya. Mwaka 2006, karibu mkopo mmoja katika kila mikopo mitano mipya ya nyumba huko Marekani ulikuwa umetolewa kwa watu ambao zamani wangehesabiwa kuwa hawawezi kukopeshwa kwa masharti ya kawaida.

Jimbo la Georgia, alikokuwa akiishi dada, lilijaribu kuuziba mlango huo. Mwaka 2002 lilipitisha sheria kali ya kuwalinda wakopaji. Sheria hiyo ilisema kwamba anayeununua mkopo wa hila naye anaweza kushtakiwa, si yule aliyeutoa tu. Kwa maneno mengine, mwenye kulinunua daftari alitakiwa kulisoma. Mnamo Januari 2003, Standard & Poor's, mojawapo ya kampuni zinazopima ubora wa hati za madeni, ilitangaza kwamba haitapima hati zenye mikopo ya Georgia. Bila ya kipimo hicho, mikopo haingeuzika. Miezi miwili baadaye, Machi 2003, wabunge wa jimbo waliilegeza sheria yao. Dada alitia sahihi mkopo wake miaka miwili baada ya hapo. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Ngao ilikuwapo, ikaondolewa mapema, naye hakupata hata kujua.

Kampuni hizo za kupima ubora ndizo zilizonishangaza kuliko wote. Ili nieleze kazi yao, sasa tutoke dukani twende Gikomba.

Wanaouza mitumba wanajua kwamba bando likifunguliwa, nguo hugawanywa kwa madaraja. Zile safi kabisa huitwa kamera na hununuliwa kwa bei ya juu. Zile zilizochakaa, zinazobaki mwisho, ni fagia. Sasa fikiria mfanyabiashara anayekusanya fagia kutoka mabando mia moja, anazifunga katika bando jipya, kisha anamwita mkaguzi. Mkaguzi anasema: ‘Haiwezekani nguo zote hizi ziwe mbovu. Zile za juu ziite kamera.' Mkaguzi huyo analipwa na nani? Na yule yule mwenye bando. Akikataa, mwenye bando atakwenda kwa mkaguzi wa kibanda cha pili.

Tume iliyoundwa Marekani kuchunguza mkasa huo ilitoa ripoti yake mwaka 2011. Ilisema kwamba kati ya mwaka 2000 na 2007, kampuni ya Moody's ilizipa hati karibu 45,000 zilizotokana na mikopo ya nyumba daraja la juu kabisa. Katika mwaka 2006 pekee, ilikuwa ikizipa daraja hilo hati 30 kila siku ya kazi. Kati ya hati za daraja hilo zilizopimwa mwaka huo, asilimia 83 zilikuja kuteremshwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini hapa hata mwonjaji alikuwa analipwa na mgema.

Wasomi wengi walikuwa na imani moja: kwamba bei za nyumba za Marekani haziwezi kuanguka nchi nzima kwa wakati mmoja. Zingeweza kuanguka Texas, zikasimama California. Hazikuwa zimeanguka kote kwa pamoja tangu ule mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Hesabu zote za kompyuta zao zilijengwa juu ya imani hiyo. Kwa hivyo yale aliyoyasema wakala kwa dada jikoni mwake, kwamba bei itapanda tu, ndiyo yale yale yaliyosemwa na mabingwa wa hesabu katika ofisi za ghorofa za juu. Tofauti ni kwamba wao walilipwa mamilioni kwa kuyasema.

Sitaki nionekane kana kwamba wakopaji wote walikuwa malaika. Huko Las Vegas, Phoenix na Miami kulikuwa na watu walionunua nyumba tatu au nne ambazo hawakukusudia kulala ndani yake hata usiku mmoja. Walinunua ili wauze baada ya miezi sita. Hao walicheza kamari, na wanajua. Lakini dada alinunua nyumba moja, akapaka chumba cha binti yake rangi aliyoichagua binti mwenyewe, akapanda sukuma wiki nyuma ya jiko.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kuanzia Juni 2004 Benki Kuu ya Marekani ilianza kuongeza riba, robo kwa robo, mara 17, mpaka ikafika asilimia 5.25 Juni 2006. Mikopo ikawa ghali, wanunuzi wakapungua. Mwaka 2006 bei za nyumba zilifika kileleni, zikatulia, kisha zikaanza kushuka. Basi ule mguu mmoja uliobeba ahadi zote ukavunjika.

Mwaka 2007 miaka miwili ya dada ilikwisha. Riba yake ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 10, na malipo ya mwezi yakapanda kutoka dola 1,120 hadi 1,460 hivi. Ongezeko hilo la dola 340 kila mwezi lilikuwa ndilo posho la watoto, mafuta ya gari na pesa alizokuwa akimtumia mama. Alikwenda kutafuta ule mkopo mpya wa nafuu alioahidiwa. Hakuna aliyetaka kumpa. Wakala wake hakuwa akipokea simu tena. Kampuni nyingi za mikopo ya aina hiyo zilikuwa zikifunga milango. New Century, iliyokuwa mojawapo ya kubwa kabisa, ilifilisika Aprili 2007.

Alitafuta kazi ya tatu, ya usiku. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alilipa. Ni jambo ambalo mjomba halitaji kamwe.

Wakati huo mapipa yalikuwa yakivuja kila mahali. Waliokosa kulipa waliongezeka, nyumba zikanadiwa, nyumba zilizonadiwa zikazidi kuteremsha bei za majirani, na majirani wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba zao. Zile hati za daraja la juu zikageuka makaratasi ambayo hakuna aliyetaka kuyagusa, na mabenki yalikuwa yamejaza ghala. Zaidi ya hayo, yalikuwa yamezinunua kwa pesa za kukopa. Machi 2008 benki ya Bear Stearns ilianguka mikononi mwa JPMorgan. Mnamo Septemba 7, serikali ilizitwaa Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yaliyokuwa nguzo ya mikopo ya nyumba nchini humo. Septemba 15, Lehman Brothers, benki iliyoanzishwa mwaka 1850, ilifilisika ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600. Siku iliyofuata Benki Kuu iliikopesha kampuni ya bima ya AIG dola bilioni 85 ili isizame. AIG ilikuwa imeuza bima ya hati hizo kama mtu anayeuza bima ya moto kwa mtaa mzima bila ya kuweka hata ndoo moja ya maji.

Mwezi uliofuata bunge liliidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Ninakubali kwamba pengine yasingeokolewa, mambo yangekuwa mabaya zaidi. Lakini tazama mpangilio wa foleni: waliouza madaftari waliokolewa kwanza, na walioandikwa ndani ya madaftari waliambiwa wasubiri.

Mapema mwaka 2009 makao ya wazee yalipunguza saa za kazi za dada. Akakosa malipo ya miezi mitatu. Katika Georgia benki haihitaji kesi mahakamani ili kuinadi nyumba. Yatosha tangazo lichapishwe katika gazeti la kaunti kwa majuma manne. Dada alilisoma jina lake mwenyewe gazetini. Kisha, Jumanne ya kwanza ya mwezi, nyumba zote za kaunti zinazonadiwa husomwa kwenye ngazi za jumba la mahakama. Alikwenda. Aliniambia kwamba wakili alisoma orodha kwa muda mrefu kama anayesoma majina ya watahiniwa, na watu waliosimama pale walikuwa wanasikiliza anwani zao. Ilipofika yake, hakuna aliyetaja bei. Benki iliichukua yenyewe. Mwaka uliofuata nyumba iliyopakana nayo iliuzwa kwa dola 79,000. Katika eneo la Atlanta bei zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya theluthi moja zilipogota chini mwaka 2012.

Huenda msomaji akauliza: Hayo yanatuhusu nini sisi wa Nairobi? Yalituhusu. Mwaka 2008 na 2009 pesa walizotuma Wakenya wa ng'ambo zilikwama pale pale, dola milioni 610 hivi kwa mwaka, ilhali awali zilikuwa zikipanda kila mwaka. Watalii walipungua na wawekezaji wa kigeni waliondoa pesa zao katika soko la hisa, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya fujo za baada ya uchaguzi. Kwetu sisi ilikuwa nyumba ya mama. Dada alikuwa amenunua ploti ya hamsini kwa mia moja huko Juja, na kuta zilikuwa zimefika urefu wa madirisha. Zikasimama hapo kwa miaka sita. Mvua ilizinyeshea, mbuzi wa watu wakalala ndani. Kila aliyepita aliziona kuta hizo, na kila aliyeziona alikuwa na neno la kusema juu ya dada.

Mwaka 2011, katika mkutano wa kupanga arusi ya binamu yetu, mjomba alilianza tena lile somo lake. Nilimwambia kwa heshima: "Mjomba, naomba nikuulize. Mtu akikuuzia gari lisilo na breki, akijua halina breki, na mkaguzi wa magari akalipwa aseme linazo, siku utakapopata ajali tuseme ni tamaa yako ya kupanda gari?"

Alinitazama, akajibu: "Mwanangu, hata hivyo ni yeye aliyeshika usukani."

Sikumbishia zaidi, kwa maana ni mkubwa wangu na neno lake lina ukweli ndani yake. Dada mwenyewe hakani. Husema kwamba sahihi ni yake, na kwamba alipaswa kumtafuta mtu wa kumsomea ukurasa ule wa riba. Lakini ripoti ya ile tume ilisema wazi kwamba mkasa ule ungeweza kuepukwa. Bw Greenspan naye, alipohojiwa na wabunge Oktoba 2008, alikiri kwamba alikuwa ameona kasoro katika imani yake kuwa mabenki yatajilinda yenyewe. Mwezi Desemba 2011, Idara ya Haki ya Marekani iliafikiana na wamiliki wa kampuni ya Countrywide walipe dola milioni 335, kwa madai kwamba wakopaji weusi na wa asili ya Kilatini walikuwa wakitozwa zaidi au kusukumwa kwenye mikopo ghali ilhali wazungu wenye uwezo kama wao walipewa ya nafuu. Kwa hivyo tamaa ilikuwapo, mjomba hakukosea. Alichokosea ni anwani yake. Ilikaa kwa wakala, ikakaa kwa kampuni, benki, mpimaji na mwanasiasa, na kila mmoja alichukua ada yake akapisha. Wa mwisho kwenye mnyororo ndiye aliyefukuzwa nyumbani.

Kwa vijana wetu wanaoanza kazi na kuyatazama magorofa yanayoota Nairobi, nina maneno machache. Kenya haina mikopo mingi ya nyumba. Kwa taifa la watu zaidi ya milioni 50, ilikuwa kama 30,000 tu mwaka 2023. Anguko kama lile la Marekani haliwezi kutufika kwa njia ile ile. Lakini riba inayobadilika tunaijua. Kati ya Septemba na Desemba 2011, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 18, na wenye mikopo ya nyumba walipata barua za benki ambazo hawatazisahau. Na ile imani kwamba ardhi haiwezi kamwe kushuka bei tunayo tele, tena tunaihubiri.

Kabla ya kutia sahihi, jiulize: Malipo yangu yatabaki haya haya, au yatabadilika, na yakibadilika yanaweza kufika wapi? Nyumba isipopanda bei hata senti moja kwa miaka mitano, bado nitaweza kulipa? Na huyu anayenihimiza, atapoteza nini mimi nikishindwa? Ikiwa jibu la swali la tatu ni kwamba hatapoteza chochote, shusha kalamu, uende ukalale, urudi kesho na mtu anayejua kusoma maandishi madogo.

Nyumba ya Juja ilikwisha mwaka 2015, na mama anaishi ndani yake. Dada bado ni mpangaji huko Marietta. Mpwa wangu, yule mvulana, sasa ni mtu mzima mwenye kazi, na juzi ameanza kutafuta nyumba ya kununua. Tangu Januari 2014 sheria ya Marekani inamlazimu mkopeshaji kuthibitisha kwamba mkopaji ataweza kulipa. Mpwa wangu alinipigia simu akilalamika. Benki imetaka hati za mshahara, taarifa za akaunti, karatasi za kodi ya mapato ya miaka miwili, tena wamempigia simu mwajiri wake. "Mjomba," akaniambia, "watu hawa wananisumbua!"

Nilimwambia amweleze mama yake. Alikwisha mweleza. Dada alikuwa amemjibu kwamba awape kila karatasi wanayoitaka, na asiwanung'unikie, kwa kuwa yeye hakuulizwa hata moja.